Dawa ya majani: nani anabeba pompi?

Sisi wa sendika tumezoea kuandika mu ukurasa huu juu ya mishahara, juu ya mashimo yanayofunika watu, juu ya mzani wa negosia ambao kila mara unapenda upande wake. Leo tunaandika juu ya majani. Musicheke kwanza. Mchimbaji hali koltani. Anakula bugari na maharagi, na vyote viwili vinatoka ku shamba ambalo bibi yake, mama yake ao dada yake analima wakati yeye iko chini ya udongo. Shamba likikufa, hata bei ya madini ikipanda, pesa yote inaishia sokoni.

Munajua yenye ilipita. Mwanzo wa mwaka 2025, makambi ya wakimbizi yaliyozunguka Goma, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo, yalivunjwa. Watu wakabeba mabati na masufuria, wakachukua njia ya Masisi, ya Rutshuru, ya Nyiragongo. Wengi wao ni watu wetu, familia za wachimbaji. Wengine walikuta nyumba, wengine walikuta ukuta, wengine hata ukuta hapana. Lakini karibu wote walikuta jambo moja: shamba limefungwa na majani. Shamba lenye halikuona jembe miaka miwili ao mitatu halimngoji mwenyewe. Mwenyewe mpya anaingia, na huyo hana karatasi ya udongo wala hakimbii akisikia risasi.

Wenye kusema Kinyarwanda wanamwita urwiri. Waganda wanasema lumbugu, ndugu zetu wa Kenya wanasema sangari. Agronomu anaandika Digitaria abyssinica, na mwenye kusoma Kifaransa anasema tu chiendent. Kuna na ndugu yake mrefu mwenye kichwa cheupe sawa pamba, Imperata, anayependa sana mashamba ya kuchomwa moto. Hawa wawili hawafanani kwa sura, lakini ujanja wao ni mmoja, na uko chini ya udongo. Tuchimbe kidogo basi, maana kuchimba ni kazi yetu.

Ile kamba nyeupe, ngumu, yenye ncha kali inayotoboa hata kiazi, si muzizi wa kweli. Ni shina linalolala chini. Angalia vizuri: ina vifundo sawa muwa, na ku kila kifundo kuna jicho. Kila jicho linaweza kutoa mmea mzima. Wenye masomo wanaita rizomu. Mchimbaji ataelewa haraka tukisema ni galeri: majani unayoona juu ni mlango tu, kazi na akiba ya chakula viko chini. Ukifunga mlango mmoja, wenye kuwa ndani wanatoboa mwingine.

Njo maana jembe peke yake linachokesha. Mama akipiga jembe, kamba moja inakatika vipande kumi, na kila kipande chenye kifundo kikipata mvua kinaota. Alianza na adui mmoja, jioni amewaacha kumi. Moto nao unapita juu, unakula majani makavu, chini kamba inalala salama, halafu mvua ya kwanza ikinyesha Imperata inatoka kijani kabla ya kitu kingine chochote. Tumesikia wanaume wakisema wanawake wa leo hawajui kulima. Hao wanaume waende walime hilo shamba wiki moja, halafu tuongee.

Kwa hiyo hatushangai kuona mama anaenda butike kununua dawa ya majani. Na tuseme wazi, ili mtu asitusome vibaya: sisi hatupingi dawa. Kwa majani ya namna hii, dawa nzuri, ikitumiwa wakati wake, inafanya kazi yenye jembe halifanyi, kwa sababu inashuka mpaka mu galeri. Yenye tunapinga ni namna inavyouzwa na namna inavyopulizwa hapa kwetu. Familia inapoteza pesa, majani inabaki, na mtu aliyebeba pompi anarudi nyumbani na sumu mu shati. Yote matatu kwa siku moja.

Tueleze, juu wauzaji wengi hawaelezi.

Dawa inayojulikana zaidi ni glifosati. Mkemia wa kampuni Monsanto, John Franz, aligundua nguvu yake mwaka 1970, na 1974 ikaanza kuuzwa kwa jina Roundup. Toka 2018 Monsanto imenunuliwa na Bayer, lakini leo viwanda vingi duniani vinaitengeneza na kila kimoja kinaandika jina lake ku bidoni. Jina la juu lisikudanganye. Tafuta neno dogo la chini: glyphosate.

Inafanya kazi hivi. Jani la kijani linapika sukari kwa mwanga wa jua. Sehemu ya ile sukari mmea unaituma chini, ku rizomu, kuwa akiba. Glifosati inaingia ku jani, inapanda gari hiyohiyo ya sukari, inashuka nayo mpaka ku macho ya vifundo. Kule inafunga chombo kimoja ambacho mmea unatumia kujitengenezea chakula cha kujenga mwili wake. Mmea haufi kwa kuungua. Unakufa kwa njaa, polepole. Njo maana siku tatu za kwanza huoni kitu na unasema muuzaji amenidanganya. Manjano inaonekana kisha wiki moja ao zaidi, na chini kazi inaendelea wiki mbili mpaka tatu. Mwenye kupuliza Jumatatu na kulima Ijumaa amekata barabara kabla gari haijafika.

Ukielewa hiyo gari ya sukari, umeelewa karibu yote. Mtu aliyelima ao kufyeka shamba kesho yake akapuliza, amepuliza udongo. Hakuna jani la kupokea dawa, na glifosati ikigusa udongo inashikwa na udongo, haisogei tena kuelekea rizomu. Acha majani yaote kwanza, yawe ya kijani, yenye nguvu, sentimita 15 ao 20 kwa urwiri. Usipulize mu kiangazi cha Julai wakati majani yamekauka, kwa maana mmea umelala na gari haitembei. Usipulize mawingu yakiwa meusi juu ya Nyiragongo. Dawa inaomba kama saa 6 bila mvua, nyingine zaidi kidogo, etiketi inasema.

Na maji! Hapa wachimbaji munatufurahisha na kutuhuzunisha. Tumeona vijana wakijaza pompi na maji ya kuoshea mchanga wa madini, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ule udongo laini ndani ya maji unashika dawa yote kabla haijatoka mu pompi. Wewe unazunguka shamba asubuhi nzima kunyunyiza matope. Maji ya Ziwa Kivu yanaonekana masafi, lakini yana chumvi nyingi za udongo wa volkeno, magnesi hasa, na hizo nazo zinafunga glifosati na kupunguza nguvu yake. Maji ya mvua ya ku mabati ni bora, na ni bure. Vumbi ku majani nalo ni hivyohivyo: shamba la kando ya barabara ambapo malori yanapita linapulizwa kisha mvua kulisafisha, majani yakishakauka.

Dawa ya pili ni parakwati, yenye wengi wanaijua kwa jina Gramoxone. Hii watu wanaipenda juu inaonyesha haraka. Unapuliza asubuhi, kesho yake majani yameungua, mwenye shamba anacheka. Lakini parakwati inaunguza pahali inapogusa, haipandi gari ya kwenda chini. Inafanya kazi ya moto, kwa bei ya dola. Wiki chache na macho ya chini yanafunguka, kijani inarudi, unanunua tena. Kwa muuzaji huyo ni mteja mzuri.

Tena kuna wajanja wanaochanganya zote mbili mu pompi moja, ili iwe na nguvu. Parakwati inaua jani haraka, na jani likishakufa haliwezi kupeleka glifosati chini. Umelipa mara mbili ili dawa moja izuie ingine. Vilevile wale wanaoongeza mazutu ao kuzidisha kipimo: jani likiungua mapema, dawa imebaki juu.

Lakini kosa la bei ni dogo. Parakwati ni sumu ambayo hata leo haina dawa ya kuitibu. Kiasi cha kujaza mdomo mara moja kinatosha kuua mtu mzima, na hafi siku hiyo. Mapafu yanafungana pole kwa pole, siku kwa siku, akili yake ikiwa nzima. Umoja wa Ulaya uliifunga ku mashamba yake toka 2007. Zamani ilikuwa na rangi ya kahawia sawa koka, watu wakainywa kwa kukosea, mpaka watengenezaji wakatia rangi ya buluu, harufu mbaya na dawa ya kutapisha. Sasa tuulize: hiyo rangi na harufu vinasaidia nini mtoto wa miaka minne anayekuta chupa ya Fanta chini ya kitanda?

Maana hapa kwetu njo vile inauzwa. Bidoni ya litri 5 ni pesa nyingi kwa mama mmoja, kwa hiyo muuzaji anafungua na kupima mu chupa za maji, mu chupa za bia, hata mu vikopo. Etiketi inabaki ku butike. Mama anatoka na kitu bila jina, bila kipimo, bila tarehe. Muuzaji anamwambia kifuniko kimoja, vifuniko viwili, kifuniko cha nini? Na hakuna anayejua kama ni litri kamili ya dawa ao ni dawa na maji. Hata bidoni iliyofungwa si ya kuaminiwa sana. Nchini Uganda, ambako dawa nyingi zinapitia kabla ya kufika kwetu, watafiti walinunua glifosati sokoni wakaipima; matokeo yalitolewa 2019, na kwa wastani chupa ilikosa asilimia 15 ya dawa iliyoandikwa juu yake. Kama chupa ya kufungwa iko hivyo, ile ya kufunguliwa tutasema nini? Wachimbaji munajua mzani wa uongo. Huu ni mzani wa uongo wa wamama.

Kuna dawa ya tatu ambayo tungetaka wauzaji waieleze zaidi, juu inaweza kufaa sana mashamba ya maharagi, soya na muhogo. Ni zile zinazoua majani ya jamii ya nyasi peke yake: fluazifopu, haloksifopu na ndugu zao. Nazo zinashuka chini ku rizomu, lakini haragi zinaliacha. Zinapulizwa juu ya maharagi yakiwa yameota, nyasi inakufa katikati yake. Lakini angalia: muhindi ni nyasi. Mtama ni nyasi. Muwa ni nyasi. Mama mwenye kuchanganya maharagi na muhindi, sawa tunavyofanya wote, akipuliza hiyo dawa atabaki na maharagi peke yake. Glifosati yenyewe haichagui, inaua chochote cha kijani inachogusa, na shina changa la ndizi pia.

Sasa tufike ku mtu anayebeba pompi.

Ku kampuni moja ambayo hatutaitaja, tulikuta wenzetu wa kazi ya siku kwa siku wakipuliza kandokando ya ukuta na ya njia ya malori. Viatu vyao ni kandambili. Glavu hakuna. Pompi inavuja mgongoni, shati limelowa mpaka kiunoni. Tulipouliza, shefu wa kazi alijibu kwamba ni ya majani, haimfanyi mtu kitu. Jioni hao vijana walirudi nyumbani na shati hilohilo, wakabeba watoto wao.

Ni kweli kwamba chombo ambacho glifosati inafunga mu mmea, mwili wa mtu hauna. Watengenezaji wanapenda kusema hiyo. Lakini mu bidoni hakuna glifosati peke yake. Kuna sabuni za kuisaidia kushika jani, na hizo zinaunguza macho na ngozi. Juu ya kansa, wakubwa wa dunia wanabishana. Mwaka 2015, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa kansa, iliyo Lyon, iliweka glifosati mu kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa kwa watu. Wakaguzi wa Ulaya walisema ushahidi hautoshi, na mu mwezi wa Novemba 2023 Ulaya ikaongeza ruhusa yake miaka 10. Mwaka 2018, mu San Francisco, wazee wa korti walimpa haki Dewayne Johnson, mfanyakazi aliyekuwa akipuliza viwanja vya shule huko California, wakaamuru Monsanto ilipe dola milioni 289, ingawa korti za juu zilipunguza sana hiyo pesa kisha. Alieleza korti kwamba pompi ilimvujia, akalowa.

Tunataja huyo mtu kwa sababu moja. Hakuwa mwenye shamba, hakuwa muuzaji. Alikuwa mfanyakazi, na pompi yake ilivuja. Sisi ku sendika hatungoji wataalamu wamalize kubishana kusudi tuombe glavu. Vumbi la mawe ni vilevile: hatukungoja mapafu yafunguliwe ku hospitali ili tuombe maski. Sheria ya kazi ya mwezi wa Oktoba 2002 inamuomba mwenye kutoa kazi achunge afya na usalama wa mfanyakazi. Haisemi isipokuwa wa pompi. Haisemi isipokuwa wa siku moja.

Na tusirushe jiwe ku kampuni peke yake. Mchimbaji akipata pesa kidogo, na yeye anakuwa patro. Anamlipa kijana wa jirani franka kidogo ampulizie shamba, na yule kijana hana hata boti za mvua. Mwenye shimo anayepiga kelele juu ya usalama wake chini, amwangalie na yule kijana wake juu.

Kitu kingine kinachotuhusu sisi wachimbaji kuliko mkulima yeyote. Ile kamba inayofunga shamba njo ileile inayoshika udongo wa mlima. Munajua vilima vya Masisi, munajua Rubaya, munajua namna udongo unavyoteremka mvua ikizidi. Kuna wenye mashimo walioanza kupuliza kandokando ya shimo na ku mteremko wa juu, ili pawe pasafi, ili nyoka wasijifiche, ili kazi ionekane. Wanaua kitu cha mwisho kinachoshika hapo. Urwiri ku shamba la maharagi ni adui, tuuue. Urwiri juu ya mdomo wa shimo, ku kingo za mfereji, ku mteremko juu ya nyumba zetu, tuuache. Ufyekwe ukiwa mrefu, usipulizwe. Mwenye kuona hilo ni jambo dogo aulize wanaochimbua wenzao mu matope.

Hata ku shamba la mteremko, usipulize lote mara moja. Acha mistari ya majani kukata mlima, puliza katikati, panda, halafu utaona. Na wenye ng'ombe: urwiri ni chakula kizuri cha ng'ombe, chizi ya Masisi inayouzwa mpaka Kinshasa inajua hiyo. Shamba likipulizwa, mifugo isiingie mpaka siku zilizoandikwa ku etiketi zipite. Kwa mwenye kununua chupa bila etiketi, siku hizo haziko pahali.

Kuna njia za kupunguza dawa, na mababu walijua zingine. Ile kamba haipendi jua na haipendi kivuli. Mu kiangazi, mwezi wa Julai na wa Agosti, chimbua kwa forshe ya meno badala ya jembe pana, kwa maana forshe inavuta kamba nzima bila kuikata. Anika juani mpaka zikauke kabisa, ondoa ku shamba. Halafu kivuli: viazi vitamu vikitandaa vizuri vinaibana. Kwa Imperata, wakulima wa Benin toka mwisho wa miaka ya 1980 walipanda mukuna, lile haragi la kutambaa linalofunika kila kitu, na likawasaidia sana, ila mbegu zake hazipikwi hovyo, zina sumu yake. Hizi njia zinaomba mikono na muda. Mama peke yake na watoto wanne hana mikono hiyo. Salongo ya wachimbaji Jumamosi moja kwa mwezi ku mashamba ya wajane wa mashimo ingefanya zaidi kuliko hotuba nyingi, na hotuba zetu ni pamoja.

Kwa hiyo tunaomba nini? Tunaomba koperative za wachimbaji ziache kufikiri kazi yao inaishia ku madini. Familia 20 zikifanya likelemba, zinanunua bidoni moja iliyofungwa, yenye etiketi, mu duka linalotoa risiti, na pompi moja isiyovuja. Mtu mmoja ao wawili wanafundishwa, wanapewa boti, glavu ndefu, miwani, maski, nguo ya kazi inayofuliwa peke yake. Hao njo wanapuliza kwa wote, na wanalipwa kazi yao. Kwa bidoni ya gramu 360 ku litri, majani ya rizomu kwa kawaida yanaomba litri 3 mpaka 6 ku hektari. Mwenye kipande kidogo hana haja ya kununua litri nzima na kuiweka ndani ya nyumba. Kisha wiki kadhaa macho yaliyokuwa yamelala yataamka. Hiyo si kusema dawa ni mbaya, yalikuwa hayavuti sukari siku ile. Wanarudi, wanapuliza pahali palipoota peke yake, kidogo. Mara ya pili njo inamaliza, na wengi wanaikosa juu pesa iliisha ku mara ya kwanza.

Kwa kampuni zenye permi ya kuchimba, Kodi ya Madini iliyorekebishwa 2018 inaomba ziweke 0,3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi. Mikutano ya kupanga hiyo pesa inaongea juu ya shule na barabara, vizuri. Lakini agronomu mmoja anayetembea mashambani na mafunzo ya pompi ni pesa ndogo sana ndani ya hiyo. Wawakilishi wa vijiji, wekeni ku karatasi. SAEMAPE, ambayo kazi yake ni kuongoza wachimbaji wadogo, ikifundisha usalama wa shimo, iongeze nusu saa juu ya sumu tunazobeba nyumbani, ya mashambani pamoja na zebaki ya dhahabu. Na wenye kusimamia masoko ya Goma, Sake na Kiwanja wakataze kuuza dawa ya majani mu chupa za kunywea. Hiyo haiombi pesa hata franka moja.

Mpaka hayo yafike, fanyeni haya nyumbani. Dawa isilale mu chumba cha watoto wala karibu na unga. Mwenye kupuliza asipulize upepo ukimjia usoni, asile, asivute sigara kabla ya kunawa na sabuni, na asiruhusu mama mwenye mimba ao anayenyonyesha afue nguo zake. Mtu akiinywa, musimpe maziwa wala mafuta ya mawese, musimlazimishe kutapika. Mukimbie naye ku kituo cha afya pamoja na bidoni yenyewe, ili muganga asome jina. Na ile bidoni ikiisha, isafisheni mara tatu, maji ya kuisafisha yarudi mu pompi na yapulizwe ku shamba, halafu mutoboe chini kwa msumari. Tunasema kwa msumari kwa sababu tumeziona ku mabomba ya maji ya Goma, bidoni nzuri za buluu zenye kifuniko kizuri, wasichana wakizijaza maji ya kunywa.